Isidingo Tuliyosimuliwa Nyakanazi

Desemba 2024 alifariki huko Afrika Kusini mwigizaji Michelle Botes. Habari ile ilinifikia kwa simu kutoka kwa shangazi yangu aliyeko Ngara, wala hakulitaja jina hilo. Alisema hivi: "Mwanangu, Cherel amekufa. Safari hii ni kweli." Kwa shangazi, na kwa wengi wetu tuliokulia njia panda ya Nyakanazi, Cherel alikuwa amekwisha kufa mara tatu kabla ya hapo. Nani aliyekuwa akimuua, nitaeleza hapa chini.

Lengo la makala haya ni kuikumbuka tamthilia ya Isidingo, ambayo kwao ilianza kurushwa Julai 1998 ikafikia mwisho Machi 2020, na ambayo sisi wa Tanzania tuliiona kupitia ITV. Lakini kukumbuka peke yake si uhakiki. Nataka kuonyesha kwamba ile Isidingo tuliyoipenda sisi wa Biharamulo na Ngara siyo ile aliyoibuni Gray Hofmeyr na wenzake kule Afrika Kusini. Ilikuwa kazi nyingine, yenye fanani wake na hadhira yake, na haijaandikwa popote. Nilipotaka kuiandikia tasnifu wakati wa shahada ya kwanza, mwalimu mmoja aliniambia kwamba hiyo si fasihi, ni umbea wa mgahawani. Sikubishana naye, adabu hainiruhusu. Ila jibu nimekaa nalo miaka mingi, na leo nalitoa.

Kwanza msomaji aipate picha ya mahali. Nyakanazi iko wilaya ya Biharamulo, pale barabara itokayo Kahama inapokutana na ile iendayo Kibondo na Kigoma. Ukisonga mbele unapita Lusahunga, unaingia Ngara, kisha unachagua: Rusumo kwa waendao Rwanda, Kabanga kwa waendao Burundi. Malori hulala Nyakanazi. Miaka ile yalilala kwa lazima, maana msitu wa Biharamulo ulikuwa na majambazi na magari yalipita kwa msafara, yakisindikizwa na polisi wenye bunduki. Kwa hiyo jioni palijaa madereva, matingo, wachuuzi na abiria waliokwama. Shangazi alikuwa na mgahawa pale, na mgahawa ulikuwa na vitu vitatu ambavyo jirani zake hawakuwa navyo: jenereta, ungo na televisheni ya inchi 21.

Watu hao hawakuja mikono mitupu. Tanzania Bara ilichelewa kupata televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, sisi ITV ilianza 1994, na ngazi za wilaya ilifika kwa kuchechemea. Sikio la hadhira yetu lilifunzwa na redio. Wakubwa wetu walilelewa na Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania, na kuanzia 1993 ukaja mchezo wa Twende na Wakati. Mhusika wake mkuu, Mkwaju, ni dereva wa malori ya masafa marefu mwenye wanawake kila kituo, na Tunu ni mkewe anayeteseka hadi anapoamua kusimama kwa miguu yake. Fikiria mchezo huo unasikilizwa Nyakanazi, ndugu msomaji! Akina mama lishe pale walikuwa wakiwaita madereva wakware "Mkwaju" waziwazi, na dereva akichukia wanamuuliza kwani ametajwa nani. Basi hadhira hii ilikuwa na desturi ya kuchukua mhusika kutoka hewani na kumweka barabarani. Televisheni ilipokuja ikaikuta desturi hiyo imeshakomaa.

Tatizo lilikuwa lugha. Isidingo ilizungumzwa Kiingereza kwa sehemu kubwa, ikachanganywa na Kizulu, Kiafrikana na lugha nyingine za kwao, zikiwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Kwa wateja wa shangazi hayo yote yalikuwa kelele. Ndipo akatokea kijana mmoja, utingo aliyeachwa na lori lake kwa sababu ya malaria, ambaye alikuwa amemaliza kidato cha nne na Kiingereza chake kilikuwa si haba. Usiku mmoja wa mwaka 2006 alianza kuwaeleza wenzake wawili kinachosemwa. Meza ya pili ikamwambia apaze sauti. Baada ya wiki moja shangazi akawa anamlisha bure ili "aseme televisheni", naye akapewa jina la Mkalimani. Alisimama ubavuni mwa televisheni, akapunguza sauti ya wazungu, akasema yeye.

Mulokozi, katika makala yake ya 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, anaieleza fasihi hiyo kuwa ni tukio linalofungamana na muktadha, likitawaliwa na mambo sita: fanani, fani inayotendwa, hadhira, tukio lenyewe, mahali na wakati. Huyu ndiye mtaalamu aliyetafiti tendi za nanga za Wahaya hapo hapo mkoani Kagera, kwa hiyo sidhani kama ninaibeba nadharia yake mbali na nyumbani. Ukivipima vigezo hivyo kwa Mkalimani, hakuna kinachokosekana. Anayeziba nanga mbele ya wanywaji wa rubisi na anayesimama karibu na televisheni mbele ya madereva wanatofautiana ala tu.

Na alikuwa fundi kweli. Isidingo ilijengwa juu ya mgodi wa dhahabu uitwao Horizon Deep, ambao ndio uliobeba tabaka zote za tamthilia: tajiri Barker Haines aliyechezwa na Robert Whitehead, Cherel mwenye roho ya kuua, na Papa G wa Darlington Michaels, mwenye baa ambamo wafanyakazi walimalizia siku yao. Sasa, mwaka 2005, mwaka mmoja tu kabla ya Mkalimani kuanza kazi, mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulikuwa umefunguliwa wilayani mwetu, upande wa Mavota. Vijana wa Nyakanazi walikuwa wakienda kutafuta kazi huko, wengine wakipata, wengine wakirudi na vumbi. Mkalimani hakulitamka jina la Horizon Deep hata siku moja. Alisema "mgodini", na watu walijua ni wapi. Papa G akiwa nyuma ya kaunta anafuta bilauri, Mkalimani alimpa swali hili: "Dhahabu hii anaila nani, na vumbi lake analila nani?" Mgahawa mzima ulilipuka kwa makofi. Siku hizi vipande vingi vya Isidingo vinapatikana kwenye intaneti, nami nimevitafuta kwa udi na uvumba. Swali hilo sijalikuta. Naamini Papa G hakulisema kamwe. Alilisema yule kijana asiye na lori.

Wasomi wenzangu watasema huo ni upotoshaji wa matini. Sawa. Lakini nao wajiulize, fanani wa ngano anapoingiza jina la mtu wa kijijini katika kisa cha Sungura, tunamwita mpotoshaji au tunamsifu kwa ubunifu wa papo kwa papo?

Hadhira nayo ilikuwa na amri zake. Mgahawani waliketi wazee, wakwe, watoto kama mimi wa darasa la tano na la sita, na shangazi mwenyewe, mlokole. Wahusika walipokumbatiana na kubusiana, kama ilivyo kawaida ya tamthilia hizo, Mkalimani alitangaza kwa uso mkavu: "Hapo wanasalimiana." Salamu zikirefuka, aliongeza: "Hawajaonana siku nyingi." Watu wazima walicheka kwa kujificha kwenye vikombe vya chai. Mimi niliamini kwa miaka miwili kwamba Afrika Kusini ndivyo wanavyoamkiana, na sikupenda kwenda huko.

Sehemu iliyo tajiri kuliko zote, na ambayo ndiyo iliyonifanya niitwae kalamu, ni ile ya jenereta. Mafuta yalikuwa ghali na shangazi aliyapima kwa kikombe. Mara kwa mara jenereta ilikohoa na kuzima katikati ya sehemu ya usiku ule, na mara nyingi palipo pakali. Giza. Kila mtu anaguna. Kisha katika giza lile sauti ya Mkalimani inaendelea, kana kwamba hakikutokea kitu. Alikuwa hajui kilichoandikwa na watunzi, lakini alikuwa anawajua wahusika, na aliimalizia sehemu ile mwenyewe mpaka mwisho, na mwisho wenyewe akaukata penye taharuki ili kesho watu warudi. Usiku wa namna hiyo alimuua Cherel kwa sumu. Safari nyingine kwa ajali ya gari kwenye mteremko ambao, kwa maelezo yake, ulifanana sana na ule wa kuteremkia Rusumo. Ya tatu siikumbuki vizuri, ila maji yalihusika.

Kesho yake jenereta inawashwa, na Cherel huyo, mzima wa afya, anakunywa divai! Dereva mmoja wa Kisukuma aliwahi kusimama na kudai arudishiwe pesa ya chai. Mkalimani hakuyumba. Alisema Cherel ametapika sumu, au amechimbuliwa na daktari aliyehongwa, au huyu ni pacha wake aliyefichwa utotoni, na kuanzia hapo alilazimika kuyabeba maelezo hayo wiki nzima, akiyasuka ndani ya picha zilizokuwa zikimkana. Basi Isidingo ya Nyakanazi ilikuwa inakwenda kwa nyuzi mbili: uzi uliotoka hewani na uzi uliotoka gizani. Sijui kazi nyingine ya fasihi yetu iliyotungwa kwa masharti magumu namna hiyo.

Haikuishia hapo. Shangazi alikuwa akienda Ngara kwa bibi kila alipopata nafasi, na bibi alitaka kujua "wa mgodini" wamefikia wapi. Shangazi alimsimulia kwa Kihangaza, akipunguza mgodi na kuongeza mambo ya ndoa na urithi, maana bibi hakupendezwa na habari za mishahara. Kwa hiyo bibi, ambaye hadi anafariki hakuwahi kukaa mbele ya televisheni, alimchukia Barker Haines kwa moyo wake wote. Kwake yeye Barker alikuwa mtu anayeng'oa mawe ya mipaka.

Nisije nikaonekana ninasifu tu kwa sababu ya utoto. Mkalimani alikuwa na udhaifu, na mkubwa ulikuwa katika kumchora Cherel. Nimemtazama Michelle Botes nikiwa mtu mzima, na ninaona mwanamke anayefanya uovu huku akitaka sana kupendwa, jicho likiomba wakati mkono unadhuru. Ni mhusika duara, kwa istilahi tulizozoea. Mkalimani alimbapaza. Alimfanya mama wa kambo wa ngano, mchawi mtupu, kwa sababu hadhira ilitaka mtu wa kuzomea na yeye alitaka kula. Hapo soko lilimshinda msanii. Ninasikitika, kwa sababu kipaji cha kumwonyesha yule mwanamke alikuwa nacho. Papa G alimwonyesha vizuri kuliko watunzi wake.

Wala hakuwa peke yake nchini. Dar es Salaam Kepteni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijipatia jina kubwa kwa kuzitia filamu za kigeni maelezo ya Kiswahili, na Uganda kazi hiyo imekuwa na mabingwa wake kwa miaka mingi. Tofauti ni kwamba hao sauti zao zilirekodiwa kwenye kanda, mtu anaweza kuzitafuta. Ya Nyakanazi ilipotea kila usiku. Siku hizi tamthilia za Kituruki huja Azam TV zikiwa zimekwisha kutiwa Kiswahili safi, umeme umesambaa, maporomoko ya Rusumo yana mtambo wa megawati 80 unaogawanywa kati yetu na Rwanda na Burundi, na kila dereva ana picha yake kiganjani. Ni maendeleo, sikatai. Hakuna anayehitaji kuambiwa kinachosemwa.

Mwaka jana nilimtafuta Mkalimani nikampata Lusahunga, ana kibanda cha vocha na bodaboda mbili alizozikodisha. Nilimwamkia, akanitambua kwa sura ya shangazi. Nikamweleza nia yangu, nikaweka simu mezani irekodi. Alizungumza dakika tatu hivi, kwa ufupi, kama mtu anayejibu mtihani: kulikuwa na tajiri, kulikuwa na mwanamke mbaya, kulikuwa na mgodi. Akanyamaza. "Mdogo wangu," akasema, "peke yetu hivi haitoki."

Tukakaa. Baadaye walikuja vijana wawili wa bodaboda kuleta hesabu, akaja na mwanamke wa kununua vocha, mvua ikawazuia chini ya kibaraza. Nikaona anawatazama. Akasogeza kiti, akainuka, akasimama ubavuni mwa kabati la vocha. Akaanza na Papa G anafuta bilauri. Sauti ilikuwa ile ile. Mwanamke alikuwa amekwisha kucheka mara mbili alipofika kwa wachimbaji wanaotoka zamu, akawaita "hawa wa Tulawaka hawa". Kijana mmoja akamkatiza.

"Tulawaka ndiyo nini, mzee?"

Mgodi ule tangu 2013 unaitwa STAMIGOLD, na kijana mwenyewe alikuwa na umri wa miaka kumi na saba hivi. Mkalimani akamtazama kidogo, akavuta kiti akaketi tena, akaanza kumweleza habari za mgodi tangu mwanzo.