Mume Naye Apimwe: Mbegu za Kiume na Tiba ya Uzazi

Wanandoa wakitafuta mtoto mwaka mzima bila kumpata, ni mke anayetumwa hospitalini, na ni mke huyo huyo anayesemwa na mawifi. Sisi tunaosikiliza wanandoa tumeliona hili mara nyingi mno. Kumbe, katika karibu nusu ya ndoa hizo, sababu yote au sehemu yake iko kwa mume.

Kipimo chake ni chepesi: huangaliwa wingi wa mbegu, mwendo wake na umbo lake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja kiwango cha chini cha mbegu milioni 16 katika mililita moja ya manii, asilimia 42 ziwe zinacheza, na asilimia 4 tu ziwe na umbo kamili. Aliye chini ya hapo hajahukumiwa utasa. Uwezekano ndio unaopungua.

Jambo hili lina uzito mkubwa katika tiba. Mke aweza kunywa dawa za kukomaza mayai miezi mingi, lakini mbegu zisizo na mwendo hazilifikii yai, na fedha ya familia huteketea bure. Tena mbegu yenye vinasaba vilivyoharibika yaweza kurutubisha yai, kisha mimba ikatoka.

Mengi hutibika. Mishipa iliyovimba kwenye korodani hufanyiwa upasuaji, na maambukizi hupewa dawa. Sigara iachwe. Vijana wanaojidunga testosteroni ili wajenge misuli wajue kwamba sindano hizo huzima utengenezaji wa mbegu. Na kwa kuwa mbegu huchukua yapata miezi mitatu kukomaa, subira yahitajika kabla ya kupima tena.

Wengine huambiwa ubora si kitu, kwani maabara yaweza kuingiza mbegu moja ndani ya yai, mbinu iliyotangazwa huko Brussels mwaka 1992. Hati Dignitas Personae ya mwaka 2008 inaikataa waziwazi. Tangu Donum Vitae ya mwaka 1987, Mama Kanisa anafundisha kwamba tiba inayolisaidia tendo la ndoa ni halali, bali inayochukua nafasi yake si halali.

Waume hutuuliza pia juu ya kutoa manii ya kupima, maana kujichua ni dhambi. Wanamaadili Wakatoliki hukubali yakusanywe katika tendo la ndoa lenyewe, kwa kifuko maalumu kilichotobolewa. Daktari aelezwe mapema, ili akiandae.