Talasimu ya Minecraft hairefushi uhai wa deraya kama inavyodhaniwa

Wachezaji wa Minecraft wanaotia talasimu ya Unbreaking kwenye deraya zao hupata nyongeza ndogo ya uimara kuliko ile wanayoipata kwenye sururu au shoka, na tofauti hiyo yaweza kuthibitishwa kwa kuhesabu mapigo.

Katika mchezo huo wa kampuni ya Mojang ya Sweden, uliotolewa rasmi Novemba 2011, kila vazi la vita lina alama za uimara. Bamba la kifua la almasi lina alama 528 na viatu vyake 429. Alama zikiisha, vazi hutoweka. Likitokea hilo mchezaji akiwa ndani ya mapango, amezingirwa na maadui, anaweza kufa na kupoteza mali aliyoichimba kwa siku nyingi.

Kwa sururu, Unbreaking ya daraja la tatu hubakiza uwezekano wa asilimia 25 tu wa kupoteza alama kila inapotumika. Hivyo sururu hudumu mara nne zaidi kwa wastani.

Kwa deraya, hata hivyo, kanuni ni nyingine. Uwezekano wa kupoteza alama ni asilimia 80 kwa daraja la kwanza, takriban 73 kwa la pili na 70 kwa la tatu. Kwa hiyo bamba la almasi ambalo lingevunjika baada ya mapigo madogo 528 hudumu kwa wastani mapigo 754, yaani ongezeko la asilimia 43 tu.

Jaribio lake ni rahisi katika toleo la Java. Mchezaji huvaa bamba lenye daraja la tatu pamoja na viatu visivyo na talasimu, kisha hugusa mpungate, mmea wa miiba wa jangwani, akijitenga kila afya inaposhuka. Kila mchomo huondoa alama moja ya viatu, navyo huwa kihesabio. Viatu vikipoteza alama 100, bamba hutarajiwa kupoteza takriban 70. Michomo kumi haitoshi, kwani bahati yaweza kupotosha matokeo.

Aidha, katika toleo hilo, talasimu ya Protection hupunguza maumivu ya mchezaji lakini haipunguzi uchakavu, kwa sababu uchakavu hukokotolewa kabla nguvu ya pigo haijapunguzwa. Thorns, inayomrudishia adui maumivu, huongeza uchakavu.

Tegemeo kubwa zaidi ni Mending, iliyoongezwa mwaka 2016, ambayo hurejesha alama mbili kwa kila pointi moja ya uzoefu. Unbreaking huchelewesha tu siku ya deraya kuvunjika; Mending yaweza kuizuia isifike, mradi mchezaji aendelee kukusanya uzoefu.