Je, Wajua? Presha ya Ziwa na Presha ya Bomba

Je, wajua kwamba hewa ya Nyamianda, pale Uvira, ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam? Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya bahari, na hewa hukandamiza kwa kilopaskali 92 na ushei badala ya 101. Pengo hilo ni sawa na maji ya kina cha sentimita 90. Kipima kina kilichofungiwa hewa ya pwani ndani yake, kikitumbukizwa ziwani bila kurekebishwa, kitaonyesha maji pungufu kwa karibu mita nzima.

Je, wajua kwamba katika nchi za joto presha ya hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku? Hufika kileleni karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kipima kisichotoa hewa katika hesabu yake kitasema ziwa limepanda sentimita mbili au tatu, na maji hayajasogea. Kwa Uvira, mji ulioingiliwa na ziwa majumbani mwaka 2024, sentimita hizo si ndogo.

Je, wajua kwamba kila mita 10 za maji huongeza bar 1 hivi? Tanganyika ina kina cha mita 1,470, ni ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Chini kabisa kuna karibu bar 147.

Sasa tuingie bombani. Ili kujua gesi inapita kwa wingi gani, mafundi huweka bamba lenye tundu ndani ya bomba, kisha transmita hupima presha kabla na baada ya bamba. Tuseme bomba lina bar 70 na tofauti ni kilopaskali 25. Ni kama kuishusha transmita mita 700 ziwani, kisha kuitaka itambue mita mbili na nusu tu za maji kati ya upande wake mmoja na mwingine! Mzigo ni mara 280 ya kitu kinachopimwa.

Je, wajua mzigo huo hufanya nini? Hubana mwili wa transmita, viwambo vyake na mafuta yaliyo ndani. Makosa mawili huzaliwa: sifuri huhama, na upana wa kipimo hupungua au kuongezeka.

La sifuri hutibiwa palepale. Fundi hufunga vali ya upande wa presha ndogo, hufungua vali ya kusawazisha iliyo katikati, na pande zote mbili hubeba presha ileile ya bomba. Hapo ishara lazima iwe miliampea 4, yaani sifuri ya transmita. Ikiwa 4.05, anairekebisha.

La upana ni gumu zaidi, maana mezani karakana nyingi hazina mtambo wa kutoa tofauti ndogo juu ya bar 70. Lakini kosa hili hufuata kanuni: katika baadhi ya miundo ni karibu asilimia 1 kwa kila bar 69. Mtengenezaji huandika kiwango chake kitabuni, na fundi hulifidia kosa hilo kwa hesabu wakati wa ugezi (kalibresheni).

Je, wajua kwamba kosa la asilimia 1 kwenye tofauti ya presha huwa nusu asilimia tu kwenye mtiririko? Sababu ni kwamba mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha tofauti hiyo. Hata hivyo, gesi inapouzwa mchana na usiku, nusu asilimia ni fedha ya mtu.

Na jirani yetu Ziwa Kivu? Mtambo wa KivuWatt huko Karongi, Rwanda, wa megawati 26, huvuta maji kutoka mita 350 hivi. Yakipanda, presha hupungua na methani hutoka yenyewe. Maji ya Kivu hushuka kwa mto Ruzizi karibu mita 690 hadi kwetu Tanganyika.

Fundi unayesoma haya: sifuri uliyoipata mezani kwenye hewa wazi haitoshi. Ihakiki tena bomba likiwa na presha yake ya kazi.