Uwezo wa Silaha na Uthabiti Wake

Wilaya ya Igunga haina bahari wala ziwa kubwa. Maji yake mengi ni yale yanayotanda katika mbuga ya Wembere wakati wa mvua. Hata hivyo, meli iliyokuja kuwa ya kivita iliwahi kupita katika mkoa huo wa Tabora, ikiwa vipande vipande ndani ya masanduku yapatayo 5,000. Meli hiyo, Graf von Götzen, yenye urefu wa mita 71 hivi, iliundwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha ikapakiwa katika treni ya Reli ya Kati. Njia ambayo zamani wapagazi walibeba pembe za ndovu kuelekea pwani ndiyo iliyofuatwa, kwa mwelekeo wa kinyume, na mabamba ya chuma, bomba na matangi ya mvuke. Huko Kigoma mafundi waliiunga upya kwa ribiti, na mwezi Februari 1915 ikashushwa majini.

Kisa cha meli hii chafaa sana kueleza mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Uwezo wa chombo ni kile kinachoweza kufanywa nacho kila kitu kikiwa sawa: kasi, masafa, uzito wa shehena. Uthabiti ni tarajio kwamba chombo hicho kitaufanya uwezo huo siku kinapohitajiwa, mahali kinapohitajiwa. Magazeti hupenda kutangaza la kwanza. Vita huamuliwa mara nyingi na la pili.

Mzinga mkuu wa Götzen, wenye mdomo wa milimita 105, ulitoka katika manowari Königsberg, na manowari hiyo yenyewe ni funzo. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, ambako Pegasus ilikuwa imetia nanga ili mitambo yake irekebishwe. Baada ya muda mfupi mitambo ya mshindi nayo ikaharibika. Königsberg ikajificha katika mikono ya mto Rufiji, na sehemu mbovu zikakokotwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam. Haikutoka tena, iliharibiwa humo tarehe 11 Julai 1915. Meli yenye mizinga kumi na kasi kubwa ilifungwa na ukosefu wa karakana. Mizinga yenyewe, kwa kuwa ilikuwa kitu sahili kuliko meli, iliopolewa na kuendelea kupiga kwa muda mrefu.

Mwaka 1916 majeshi ya nchi kavu yaliuhitaji mzinga wa Götzen, ukaondolewa, na mahali pake pakawekwa mfano wa mti. Kwa aliyeitazama meli kutoka mbali uwezo haukupungua hata kidogo! Mwezi Juni mwaka huo ndege za Kibelgiji zenye kuelea majini ziliruka kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na kuirushia Kigoma mabomu, lakini meli haikuzama. Wajerumani wenyewe ndio walioizamisha tarehe 26 Julai 1916, karibu na mlango wa mto Malagarasi, kabla ya kurudi nyuma. Tabora iliangukia mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba. Mafundi walioizamisha walikuwa wameipaka mitambo yake grisi nzito ili kutu isiile. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini na matangi ya mvuke vilikuwa bado vyafaa. Mwaka 1927 ikapewa jina la Liemba, na injini zile za mvuke zikadumu hadi miaka ya 1970 zilipobadilishwa na za dizeli. Ni silaha chache duniani zilizopata matunzo bora kuliko grisi ile.

Je, vyombo vya kisasa vimeepukana na tatizo hilo? Mwishoni mwa Machi 1979, katika vita kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, ndege ya Libya aina ya Tu-22, yenye kwenda kasi kuliko sauti, ilitumwa kupiga ghala la mafuta mjini Mwanza. Mabomu yalianguka katika kisiwa cha Saanane, palipokuwa na hifadhi ya wanyama, yakaua swala kadhaa.

Hesabu ya kidato cha tatu yaonyesha jinsi kosa la namna hiyo linavyoweza kutokea. Chukua ndege iliyo juu mita 2,000, ikienda kilomita 900 kwa saa, yaani mita 250 kwa sekunde. Pasipo kuhesabu ukinzani wa hewa, bomu huanguka kwa sekunde 20 hivi, na katika muda huo husonga mbele kilomita tano. Kwa hiyo ni lazima liachiwe shabaha ikiwa bado mbali. Mrushaji akichelewa sekunde moja, bomu hupita shabaha kwa mita 250. Kipima-kimo kikikosea kwa mita 100, kosa jingine la mita zipatazo 120 huongezeka. Upepo bado haujatajwa. Kasi, ambayo ndiyo fahari ya ndege hiyo, hulikuza kila kosa.

Kombora lina tatizo lake. Likiwa na sehemu 1,000 zinazotegemeana, na kila moja ikifanya kazi mara 999 katika 1,000, tarajio la kombora zima kufanya kazi ni 0.999 kwa kipeo cha 1,000, yaani karibu 0.37. Mwanafunzi mwenye jedwali la logi na ahakikishe.

Hata lisipoharibika, kombora hutii tu kile linachohisi. SAM-7, iliyotumiwa na askari wa Tanzania katika vita hivyo, hufuata joto la injini, na joto halina bendera. Kutambua ndege ya rafiki ni kazi ya redio, ya taarifa zilizopelekwa mapema, na ya mtu aliyeshika kifyatulio. Katika siku za mwanzo za vita, mwaka 1978, ndege tatu za kivita za Tanzania ziliangushwa karibu na Musoma na walinzi wa anga wa Tanzania wenyewe. Silaha zilifanya kazi barabara. Walinzi hawakuwa wamearifiwa kwamba ndege zao zingepita.