Uwekevu wa Nyumbani katika Nchi ya Mpunga

Jioni hii nataka tuzungumze juu ya uwekevu, yaani desturi ya kutumia mali kwa kiasi ili ya leo isile ya kesho. Najua kuwa jambo hili limekwisha kusemwa mara nyingi, na kwa kawaida asemeshwaye ni mama wa nyumba: apunguze sukari, apunguze kuni, apunguze sabuni. Maneno hayo si mabaya, nami nitayafikia. Lakini kwa watu wa Ifakara na wa bonde zima la Mto Kilombero, kuanzia hapo ni sawa na kuziba tundu la panya huku mlango wa ghala u wazi. Basi na tuanze mlangoni.

Mshahara wa mara moja kwa mwaka

Mtumishi wa ofisi hulipwa mwezi kwa mwezi. Akikosea mwezi huu atasumbuka siku chache, kisha atapata nafasi ya kujisahihisha. Mkulima wa mpunga hana nafasi hiyo. Mvua za bonde hili huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba au Desemba. Watu hulima, hupanda, hupalilia na kuamia ndege. Mto hufurika mbugani Machi na Aprili. Mavuno huanza Mei na kuendelea hata Julai. Jasho la miezi mingi hulipwa katika majuma machache. Tangu hapo mpaka mavuno mengine, chakula, ada ya shule, nguo na dawa, karibu vyote hutoka katika magunia yale yaliyobebwa kutoka mbugani.

Tena mshahara huo una tabia ya ajabu: wakati uingiapo ndio wakati thamani yake ni ndogo kuliko wakati wote. Sababu yake si siri. Mwezi wa Juni kila nyumba ina mpunga, na kila nyumba yataka kuuza, maana kuna madeni ya kulipa, kuna sare ya mtoto, kuna arusi na ngoma. Wauzaji wakiwa wengi, bei huanguka. Kati ya Januari na Aprili mambo hugeuka. Maghala yamekuwa matupu, kazi ya shamba ni nzito, na wale waliouza Juni wamerudi sokoni kununua.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano. Bei hizi si za soko lolote. Nazitaja ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme gunia la mpunga ni shilingi 50,000 wakati wa mavuno na shilingi 90,000 mwezi wa Februari. Mtu ameuza Juni magunia 4 ya chakula chake, akapata shilingi 200,000. Februari watoto wana njaa, naye anunua magunia 4 yale yale kwa shilingi 360,000. Amepoteza shilingi 160,000, wala hakula punje moja zaidi ya zile alizokuwa nazo. Fedha hizo ni thamani ya magunia 3 na zaidi kwa bei ya mavuno. Ni bibi gani awezaye kuokoa kiasi hicho kwa kupunguza sukari katika chai?

Liko tundu baya kuliko hilo. Mwezi wa Februari mchuuzi hufika uani na kusema, “Shikamoo, mzee. Nasikia mtoto hajambo kidogo tu. Chukua fedha hizi za gunia moja, utanipa magunia mawili wakati wa mavuno.” Maneno yake ni ya upole, na shida ni ya kweli. Lakini hesabu yake ni kwamba moja limezaa moja jingine kwa miezi minne tu. Jambo hili si la Kilombero peke yake. Huko Kagera wakulima wa kahawa wanalijua kwa jina la butura, na wengi wamevuna kahawa iliyokuwa mali ya mtu mwingine tangu ingali maua.

Na tundu la tatu ni lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likashonewa kilemba juu. Sheria ya vipimo yaikataza, kwa sababu muuzaji hulipwa gunia moja naye ametoa gunia na sehemu ya jingine. Mtu auzaye na auze kwa mizani.

Mafungu manne

Dawa ya matundu haya matatu huanza siku ile mpunga ufikapo nyumbani, kabla ya kuuza hata debe moja. Siku hiyo mume na mke wakae pamoja, wahesabu magunia, wayagawe katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni chakula. Nyumba ya watu sita ilayo kilo moja na nusu ya mchele kwa siku itahitaji kama kilo 547 kwa mwaka. Katika kilo 100 za mpunga hutoka mashineni mchele kilo 60 na kidogo. Basi gunia lenye kilo 80 za mpunga hutoa mchele kama kilo 48, na nyumba hiyo yataka magunia 12. Nyumba ilayo ugali au ndizi siku nyingine itapunguza hesabu hiyo kwa kiasi chake. Fungu la pili ni mbegu, nalo liwekwe mbali na la chakula, kwa kuwa mkono wenye njaa hauchagui. Fungu la tatu ni mahitaji yasiyongoja, kama madeni na ada ya shule. Hilo liuzwe mara moja, hata kama bei ni ndogo. Fungu la nne ni la kungoja bei.

Aliyevuna magunia 20 atatenga 12 ya chakula na 1 la mbegu. Atauza 3 sasa, na 4 yatangoja. Aliyevuna magunia 10 hana fungu la kungoja, na pengine hana la kuuza kabisa. Ni vizuri alijue jambo hilo Juni, wakati bado aweza kutafuta kibarua au kupanda mboga kandokando ya mto, kuliko kulijua Februari.

Fungu la nne lisingoje mno. Mwenye ghala mahali ambapo mvua hufunga njia na auze Desemba au mapema Januari, magari yangali yakipita. Daraja la Mto Kilombero lililofunguliwa mwaka 2018 limewaondolea watu wa ng’ambo ile taabu ya kungoja kivuko, lakini daraja halikaushi tope la njia za vijijini.

Wengine watasema, “Mimi nina shida nyingi Juni; nitangojaje?” Swali hili limejibiwa mahali pengine. Katika kisiwa cha Madagaska, ambako watu hula wali kama sisi, tangu miaka ya 1990 vikundi vya wakulima huweka mpunga katika ghala yenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa kikundi na mmoja kwa chama cha mikopo. Mpunga huo huwa dhamana. Mkulima hukopeshwa fedha za shida zake, na bei ipandapo huuza na kulipa deni. Tanzania nayo ilitunga sheria ya stakabadhi za ghala mwaka 2005 kwa shabaha kama hiyo. Kikundi cha majirani wanaoaminiana chaweza kuuliza habari zake kwa afisa ushirika.

Kulinda ghala

Akiba iliyoharibika si akiba. Mpunga uanikwe juu ya turubai au mkeka, tabaka nyembamba, ugeuzwe mara kwa mara, na jua likiwa kali mno la adhuhuri ufunikwe. Mpunga uliochomwa na jua kwa haraka hupata nyufa ndani ya punje, na mashineni hutoka chenga, ambazo bei yake ni ndogo. Punje iliyokauka ukiitafuna hupasuka kwa mlio. Iliyo mbichi hubonyea chini ya jino, nayo itaota ukungu. Magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Ghala ya nje isimame juu ya nguzo, na kila nguzo ivikwe bati lililokunjwa kama pia iliyopinduliwa, ili panya apandapo agonge kichwa na kurudi.

Jikoni

Sasa tuingie jikoni. Haba na haba hujaza kibaba, na methali hii ina ushahidi wake. Huko Mizoram, kaskazini mashariki ya Bara Hindi, wanawake Wakristo walianza mwaka 1910 desturi ya kuchota konzi moja ya mchele kila wapikapo na kuiweka kando kwa ajili ya kanisa, na kwa konzi hizo wamefanya kazi kubwa. Mama wa Kilombero aweza kufanya vivyo hivyo kwa ajili ya nyumba yake. Konzi moja ni kama gramu 50. Ikiwekwa kila siku, kwa mwaka hupatikana kilo 18 za mchele. Hizo hazitarudisha zile shilingi 160,000 za mfano wetu, lakini zaweza kulisha nyumba kwa siku 12 mwezi wa Machi, na siku 12 za Machi ndizo siku ambazo mchuuzi hupata mlango wazi.

Maharage yalowekwe tangu usiku, nayo yatakula kuni chache. Sufuria ifunikwe. Kuni zikaushwe kabla ya masika, kwa kuwa ukuni mbichi hutumia moto wake kukausha maji yake wenyewe. Jiko la udongo lililozungushiwa ukuta hushinda mafiga matatu ambayo upepo huyachezea. Pumba za mashineni zisiachwe bure, maana kuku wazila; nayo makapi yafaa kuwa moto au kutandikwa bandani.

Uwekevu si ubahili

Yafaa sasa nitofautishe mambo mawili. Mwekevu hutumia fedha leo ili asitumie nyingi zaidi kesho. Bahili hukataa kutumia, kisha hulipa mara mbili. Mfano ulio wazi ni chandarua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vyandarua vyenye dawa viliuzwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu. Watu walivinunua kwa fedha zao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa, kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hata miaka minne, vyandarua hivyo viliambatana na kupungua kwa vifo kwa asilimia 27. Hiyo ndiyo faida ambayo hakuna daftari liwezalo kuiandika. Hata mtoto asipokufa, homa ya mwezi wa Machi humwondoa mama shambani wakati wa palizi, na hiyo ndiyo shida imletayo mchuuzi wa magunia mawili.

Basi chandarua kilichotoboka kishonwe jioni ile ile. Na familia ihamiapo dungu la mbugani wakati wa kulima, ihame nacho; mbu wa mbugani hawajui kuwa chandarua kimebaki kijijini.

Sanduku la fedha

Neno la mwisho ni juu ya fedha yenyewe. Fedha ya mavuno ikilala chini ya godoro, kila jamaa mwenye shida huiota. Vikundi vya akiba, ambavyo wengi huviita vikoba, vimesaidia sana. Mwaka 1991 wanawake wa Maradi, katika nchi ya Nijeri, walianza vikundi vya namna hiyo, na mfano wao ukaenea Afrika nzima. Katika vikundi vingi sanduku lina kufuli tatu, funguo tatu ziko kwa watu watatu, hisa huwekwa mbele ya wote, na mwisho wa mwaka kila mtu hupewa mali yake. Wanakikundi wa bonde hili na wapange mwaka wao uishe Januari au Februari. Kikundi kigawacho fedha Juni huleta maji wakati wa mvua.

Simu nayo, tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, imekuwa sanduku la wengi. Ni salama kuliko godoro, lakini kila kutuma na kila kutoa kuna ada yake. Atoaye mara moja kwa juma hulipa kidogo kuliko atoaye kila siku.

Mabibi na Mabwana, sikuwaambia mle kidogo. Nimesema mle mpunga wenu wenyewe, kwa bei ya jasho lenu, wala msiununue tena kwa bei ya njaa yenu. Mavuno yajayo, kabla ya gunia la kwanza kutoka nje ya mlango, kaeni wawili mhesabu. Hesabu ya jioni moja yaweza kulinda kazi ya mwaka mzima.

Kwaherini.