Hatifungani: Bei Ikishuka, Faida Hupanda

Watahiniwa wengi huchanganya riba ya hatifungani na faida yake, na hapo ndipo alama hupotea. Shika tofauti hiyo kwanza. Usipoielewa, yanayofuata utayakariri tu.

Hatifungani ni hati ya deni. Serikali ikikopa kwa njia hii, anayeinunua hati ndiye mkopeshaji. Kwa kawaida riba huandikwa kwenye hati tangu mwanzo na haibadiliki hadi siku ya kuiva, yaani siku ambayo mkopo unarudishwa. Kinachobadilika ni bei, kwa sababu mwenye hati anaweza kumuuzia mtu mwingine kabla ya siku hiyo.

Tuseme shangazi yako ana hati ya Sh100,000 yenye riba ya asilimia 10, na imebakisha mwaka mmoja kuiva. Mwaka ukiisha, serikali italipa Sh110,000. Lakini karo inatakiwa leo, kwa hivyo anaiuza kwa Sh96,000. Mnunuzi atapata faida ya Sh14,000:

14,000 ÷ 96,000 × 100 = asilimia 14.6

Kama wanunuzi wangeing'ang'ania hadi bei ifike Sh104,000, faida ingekuwa Sh6,000 tu, yaani asilimia 5.8. Riba iliyoandikwa ni ile ile 10. Bei ikishuka, kiwango cha faida hupanda. Bei ikipanda, kiwango hicho hushuka.

Mbona mnunuzi akatae kulipa Sh100,000 kamili? Pengine serikali inauza hati mpya zenye riba kubwa zaidi. Pengine mfumuko wa bei unatisha. Au watu wanahofia kuwa mkopaji atashindwa kulipa. Kumbuka sababu hii ya tatu, tutairudia.

Faida ya hatifungani ikipanda, pesa huhama. Mwenye hisa hujiuliza kwa nini abaki na hisa zisizo na uhakika ilhali serikali inalipa vizuri. Wengi wakiuza, bei za hisa hushuka. Benki nazo huona afadhali kuikopesha serikali, na mwenye duka akienda kuomba mkopo hutozwa riba kubwa zaidi. Mwekezaji wa kigeni hulinganisha nchi na nchi. Kuanzia Machi 2022 hadi Julai 2023, Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu sufuri hadi zaidi ya asilimia 5. Pesa nyingi zilivutwa huko. Anayetoka Kenya huuza shilingi na kununua dola, na shilingi hudhoofika.

Sasa tazama Kenya mwaka wa 2024. Deni la dola bilioni 2, lililotokana na hatifungani ya kimataifa ya 2014 yenye riba ya asilimia 6.875, lilipaswa kulipwa mwezi Juni. Wawekezaji walihofia kuwa dola hazitatosha, na mnamo Januari dola moja ilikuwa takriban Sh160. Februari, serikali iliuza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5, kwa kiwango cha faida cha zaidi ya asilimia 10, ili kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani. Mwezi huo huo iliuza nyumbani hatifungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46. Iliomba Sh bilioni 70. Wawekezaji, wakiwemo wa kigeni, wakaleta maombi ya zaidi ya Sh bilioni 280. Kufikia mwisho wa Machi, dola ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh130.

Usikimbilie kuandika kwamba "faida ikipanda, sarafu huimarika". Faida kubwa inayotokana na hofu hufukuza pesa. Mwaka ule pesa zilikuja kwa sababu hofu ya kutolipwa ilipungua huku faida ikiwa bado kubwa. Mtahini hutafuta sababu hiyo. (Mlipa kodi ndiye anayebeba tofauti kati ya 6.875 na 10. Hilo pia linaweza kuulizwa.)

Jaribu hili kabla ya kufungua ukurasa: hati ya Sh50,000 yenye riba ya asilimia 8, iliyobakisha mwaka mmoja kuiva, inauzwa kwa Sh48,000. Kokotoa kiwango cha faida cha mnunuzi, kisha ueleze mambo mawili yanayoweza kuwa yameshusha bei. Ukipata asilimia 8 umesoma riba iliyoandikwa. Jibu ni 12.5.