Zaidi ya nusu ya inachotuma setilaiti hii ni kinga tu

FUNcube-1 ni setilaiti ndogo, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, isiyofika kilo moja. Wapenzi wa redio wa Uingereza na Uholanzi waliirusha kutoka Yasny, Urusi, tarehe 21 Novemba 2013, ili wanafunzi wapokee shuleni vipimo vya angani kama joto na umeme wa betri. Nguvu yake ya kutuma ni chini ya wati moja.

Anayesikiliza redio ya masafa mafupi usiku anajua shida yenyewe: sauti inakuja, inafifia, inarudi. Mtu hukisia neno lililopotea. Kompyuta haikisii. Bila kinga, biti moja ikigeuka kifurushi chote kinatupwa. Kuomba kirudiwe haiwezekani, maana setilaiti inatangaza kwa wote bila kungoja jibu, na baada ya dakika chache imeshazama.

Dawa ilitoka kwa setilaiti nyingine, AO-40, iliyorushwa kutoka Kourou, Guyane, Novemba 2000. Mhandisi Mmarekani Phil Karn aliitengenezea njia ya kusahihisha makosa, na FUNcube-1 ikairithi.

Kila kifurushi kina biti 2,048 za ujumbe, lakini zinazotumwa ni 5,200. Nyingi ya zile za ziada ni hesabu za aina mbili, moja juu ya nyingine, ambazo mpokeaji anazitumia kurudisha kilichoharibika. Kisha biti zote zinachanganywa, majirani wasafiri mbali mbali. Ni kama mfanyabiashara anayevusha mizigo ya wateja watano kwa boti tano ziwani Kivu, kila boti ikibeba kidogo cha kila mteja. Moja ikizama, hakuna anayepoteza vyote. Vivyo hivyo, sauti ikififia kidogo, hasara inatawanyika, na hesabu zinaiziba.

Bei yake ni mwendo: kwa biti 1,200 kwa sekunde, kifurushi kimoja kinachukua zaidi ya sekunde 4. Mimi naona ni bei halali, maana kifurushi cha haraka kisichosomeka hakimfundishi mwanafunzi chochote.

Mpaka upo pia. Makosa yakizidi uwezo wa hesabu, programu haitoi nusu ya ujumbe. Inakataa kifurushi chote, na darasa linangoja kinachofuata.